Jinsia ya Kitumbo

Ikitokea siku moja mkapewa kazi ya kutafuta neno la jinsia ya mnyama mwenye miguu saba, mkia wa mwavuli na tumbo linalowaka kama taa, msianze na kamusi. Mimi ninazo kamusi tano, mbili hazina majalada, na hakuna hata moja iliyonisaidia. Anzeni na mtu anayefuga. Nalisema hili mapema kwa sababu nawajua, wanangu: wengi wenu hamsomi mpaka mwisho, na ningependa angalau muondoke na kitu mkononi.

Mimi ni Maman Régine. Nimefasiri hapa Bukavu tangu tulipokuwa tunapiga maandishi kwenye stensili. Nimefasiri mabango ya chanjo, nyimbo za ubatizo, maelekezo ya majiko, barua za wachumba waliokasirikiana, na mara moja hotuba ya mazishi ya mzee ambaye hakuwa amekufa. Alitaka aisikie kwanza, akaikataa, tukaiandika upya mara tatu. Nilipostaafu nilitulia nyumbani kwangu Kasha, nikalima maharage, nikajiapiza kwamba sitatafuta neno lingine maishani isipokuwa la kumfukuzia mbuzi wa jirani. Ndipo Amani na Furaha wakaja kubisha hodi.

Hawa wawili walikuwa wamepanga chumba huko Cimpunda, juu ya duka la dawa, wakitengeneza mchezo wa kwenye simu. Amani anaandika programu, Furaha anachora. Walikuwa pia wachumba, jambo ambalo walidhani hakuna mtu anayelijua. Katika mchezo wao unapewa kiumbe kidogo, unakilisha, unakiogesha, na kikikua kinazaa vingine. Kiumbe mkuu anaitwa Kitumbo, ndiye huyo mwenye miguu saba. Nilimuuliza Furaha kwa nini saba.

"Wa nane ulikosa nafasi, Maman," akasema.

Waliniletea orodha ndefu ya maneno kwa Kifaransa. Karibu na mwisho yalikuwepo matatu ya jinsia: mâle, femelle, indéterminé. Kitumbo mdogo, walinieleza, hana jinsia. Akifikisha wiki tatu programu inamchagulia moja, na hata Amani mwenyewe hajui itakuwa ipi. Nikawaambia hayo ni maneno ya dakika tano, waniwekee chai. Tulimaliza baada ya mwezi mzima, na chai walikuwa wameacha kuniwekea.

Inabidi niwaambie kuhusu Papa Bisimwa, la sivyo mtafikiri nilikuwa mvivu. Alikuwa msahihishaji katika kiwanda kidogo cha uchapaji nilikoanzia kazi. Mtu mfupi, koti saa zote, kalamu mbili nyuma ya sikio moja. Kazi yangu ya kwanza kwake ilikuwa karatasi ya dawa ya minyoo ya mbuzi. Niliandika kwa Kiswahili kizuri sana kwamba dawa itolewe nusu saa kabla ya chakula. Papa Bisimwa akanituma sokoni Kadutu na karatasi yangu, niwasomee watu watatu wasiojuana. Nikarudi nikiwa nimefurahi, kwamba wote wameelewa.

"Uliwauliza?" akasema.

"Niliwauliza, Papa. Banasema banaelewa."

"Usiulizake mutu kama anaelewa. Kila mutu anaelewa. Mupe chupa, halafu weye uangalie mikono yake."

Nikarudi na chupa. Mtu wa kwanza aliisoma karatasi, akatikisa kichwa kwa heshima, akainywa ile dawa yeye mwenyewe, akaketi nusu saa kwenye gunia, kisha akampa mbuzi majani. Mbuzi hakupona. Yule bwana alipona vizuri sana, na kwa miaka mingi kila tulipokutana alikuwa ananiuliza kama bado ninayo.

Tangu siku hiyo sijaachilia neno bila kuangalia mikono ya watu. Na ilinipa ugonjwa mwingine ambao nawaonya mapema: siwezi kusikia neno likisomwa vibaya nikanyamaza. Siwezi kabisa. Niliwahi kumsimamisha msomaji wa somo la pili katikati ya Misa, kutoka benchi la tatu, akarudia mstari mzima. Watu wa Kasha wakiniona wanaongea polepole. Padri wetu siku hizi ananionyesha matangazo yake Jumamosi, ili Jumapili apate amani.

Turudi kwa Kitumbo. Kwanza tuliandika mwanaume na mwanamke, kwa sababu ndivyo watu wengi mjini wanavyosema hata kwa kuku. Nikampelekea tableti mama mwenye duka la dawa. Alimtazama Kitumbo anayekula kwa vinywa viwili, akasoma "Mwanamke" chini yake, akaniuliza kwa utulivu ni nani katika nyumba hii tuliyemchora. Hakutuuzia hata parasetamoli kwa siku nne.

Tukajaribu mume na mke. Hapo nilimpa katekista wa mtaa, mtu mwema asiyeweza kuua nzi. Zizini mlikuwa na mume mmoja na wake wawili. Katekista alimlisha mume, akamlisha mke wa kwanza, kisha akatafuta kwa kidole jinsi ya kumfukuza wa pili. Alipokosa kitufe cha kumfukuza, akamnyima chakula. Siku ya tatu yule kiumbe akafa, na katekista akaja kuniuliza kama hilo ni la kuungama. Nikamwambia amuulize padri. Padri akaniuliza mimi.

Tulipoandika dume na jike, mikono haikufanya ajabu yoyote. Watu walilisha, waliogesha, walisonga mbele. Ndipo tukajua tumepata. Neno zuri, wanangu, halisifiwi na mtu. Watu wanalipita tu kama wanavyopita mlangoni.

Lakini lile la tatu ndilo lililonikosesha raha. Mimi nilikuwa na langu tayari, "Haijabainishwa", na nililipenda kama mtoto wa kwanza. Furaha aliniambia halitoshi kwenye kidirisha. Nikamwambia apanue kidirisha. Akasema nikipanua, mguu mwingine utaondoka. Tukaenda sokoni kuamuliwa.

Muuza mbuzi tuliyemkuta alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikampa tableti yenye Kitumbo mdogo. Hakusoma neno langu hata kidogo. Aliigeuza tableti juu chini, akachungulia, akaigeuza tena upande, akachungulia kutoka nyuma.

"Maman, huyu munyama haiko na kitu chini."

"Sikuchora," Furaha akasema, akiangalia pembeni.

"Sasa mutu atajua namna gani?"

"Neno litamwambia," nikasema.

Akafikiri. Mbuzi wake nao walionekana kufikiri. "Kumbe hilo neno njo kila kitu yake," akasema, yaani neno ndilo kila kitu alicho nacho. Nimehudhuria semina nyingi za wafasiri, nyingine zilikuwa na keki, na sijasikia mtu akiieleza kazi yetu vizuri kuliko hivyo.

Nikamuuliza yeye angemwitaje mnyama ambaye jinsia yake haijajulikana. Akanirudishia tableti. "Huyu? Huyu iko bado."

Basi tukaandika "Bado". Herufi nne, zikatosha, na hakuna mguu ulioondoka. Na tukakubaliana sharti moja ambalo nililiweka mimi mwenyewe kwa ukali: neno likishapita sokoni, halibadilishwi bila idhini yangu. Zamani kosa likitoka kiwandani lilikaa kwenye karatasi mpaka panya walile. Siku hizi Amani anagusa kidole kimoja, na neno linabadilika kwa wachezaji wote kuanzia Goma hadi Uvira kabla hujameza mate. Nguvu kama hiyo haifai kuachiwa mtu mwenye uchumba.

Mchezo ukatoka, watu wakaupenda. Aliyeupenda kupita wote alikuwa Tonton Ntwali, baba mdogo wa Furaha, aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Alikuwa mkuu wa nidhamu shuleni kabla ya kustaafu, mtu ambaye hata viti vilijipanga akiingia. Aliuweka mchezo kwenye simu yake ili aone ni upuuzi gani unaompotezea mtoto muda. Wiki ya pili alikuwa na zizi la vichwa kumi na kimoja, na aliwapa wote majina ya wanafunzi wake wa zamani.

Yeye ndiye aliyeongoza upande wa Furaha siku ya kujadili mahari. Ninyi mliozaliwa mjini labda hamjaliona jambo hili vizuri. Kwetu mahari ni ng'ombe, lakini ng'ombe hapandi ngazi za Bukavu, kwa hiyo siku hizi anakuja ndani ya bahasha. Bahasha moja, ng'ombe mmoja. Na msemaji wa upande wa mume bado anasimama na kuisifu bahasha: huyu ana doa jeupe kwenye paji la uso, huyu mama yake alikuwa na maziwa mengi. Watu wazima wanaitikia. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa Amani, na nilisikia bahasha moja ikisifiwa kwato.

Tonton Ntwali alipokea tatu za kwanza. Ya nne akairudisha mezani.

"Hii ya ine hapana," akasema. "Ngombe ya enveloppe sijaonaka inakula hata siku moja. Mutoto anafuga banyama mu telefone, bazuri sana. Anipe mumoja. Ile angalau inakula."

Watu wakacheka, kisha wakaona kwamba yeye hacheki. Amani, kwa furaha ya kupona bahasha moja, akatoa simu yake palepale akamtumia Kitumbo mdogo. Hapo ndipo lilipokuwa kosa, na lilikuwa kosa letu sisi watu wa huku, kwa sababu Amani alikuwa ameutengeneza mchezo kwa adabu ya nyumbani: ukishatoa mnyama, huwezi kumgusa tena wala kumrudisha kwa siri. Mtu hashiki kamba ya ng'ombe aliyemtoa.

Ng'ombe huyo wa nne alikuwa wa Koko, bibi yake Furaha, aliyekuwa amepanda kutoka Luvungi na kanga mpya na mfuko wa mchele. Koko hasomi, lakini ng'ombe anawajua kuliko wote tuliokuwa pale. Akaipokea simu kwa mikono miwili.

"Iko jike?"

Tonton akasoma. "Iko bado, Koko."

"Bado ni nini? Mutu analeta ngombe mu mahari, hajui iko nini?"

Chumba kikachafuka. Mmoja akasema bado ni ahadi. Mwingine akasema bado ni deni. Mjomba mmoja akasema ni dharau. Mwishowe mtu akakumbuka kwamba mwandishi wa neno hilo amekaa pale anakula sambusa, nikavutiwa kiti katikati kama shahidi wa ajali. Nilimkumbuka Papa Bisimwa.

"Koko," nikamwambia, "ukipewa ndama, na chini yake hauone kitu, unafanya nini?"

"Ninamulisha."

"Basi."

Koko akatoa hukumu. Tonton atamlisha Kitumbo hadi akue. Akiwa jike, mahari imekamilika. Akiwa dume, arudi kwa wenyewe, na mazungumzo yaanze upya tangu salamu ya kwanza. "Dume haiingiake mu mahari," akasema. "Nyumba inaanza na kuzaa, haianze na pembe."

Kuanza upya ni miezi. Na Kwaresima ilikuwa inakaribia, ambapo parokia yetu haifungishi ndoa, kwa hiyo ingekuwa baada ya Pasaka. Furaha hakuweza kungoja Pasaka. Sababu yake ilikuwa imeanza kuonekana chini ya kitenge, kwa wale wenye macho. Mimi nilikuwa nayo. Amani, maskini, alikuwa anajua na anatoka jasho. Koko tulimwombea asijue, kwa sababu alikuwa amekwisha kusema mbele ya watu kwamba katika ukoo wake hakuna bibi harusi aliyefika kanisani akiwa wawili.

Wiki tatu hizo sijui niwaelezeje. Tonton Ntwali alitembea na simu kifuani kama mama mwenye mtoto mchanga. Umeme ukikatika alikimbia kwenda kwa mama wa duka la dawa mwenye jenereta, akasimama kwenye foleni na wagonjwa. Kitumbo akiwa na njaa analia kama bata, na alilia wakati wa mahubiri, Tonton akatoka nje ya kanisa akiwa ameinama, akamlisha kwenye ngazi. Shangazi wawili wa Furaha walipangiwa zamu ya kuogesha. Upande wa Amani walituma mwakilishi kila Jumatano kuhakikisha mnyama hateswi.

Harusi iliwekwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu, na kikao cha Koko Alhamisi. Jumanne asubuhi Amani alifika Kasha bila kifungua kinywa.

"Imekuwa dume, Maman."

Nikaacha jembe.

"Sasa sikiliza," akasema. "Munyama siwezi kumugusa. Lakini maneno naweza. Tunageuza tu: penye dume tuandike jike, penye jike tuandike dume. Siku moja. Alhamisi, saa ine mpaka saa saba."

Nilimhesabia kwa vidole. Madume ya watu wote, kuanzia Goma hadi Uvira, yaamke majike. Majike yenye mimba yaamke madume. Katekista wangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amerudi kufuga. Nikampa Amani somo zima kuhusu uaminifu wa neno, nikamtaja Papa Bisimwa mara nne, nikamrudisha Cimpunda na mahindi mawili ya kuchoma. Nilijiona nimefanya vizuri.

Jumatano akaja Tonton Ntwali mwenyewe, koti, tai, na kuku chini ya kwapa. Aliketi. Alisema akimwangalia kuku.

"Maman Régine, uniandikie tena Bado. Pa yangu tu."

"Hakuna pa yako tu, Papa. Neno ni la wote."

"Najua." Akamhamishia kuku kwapa la pili. Mtu huyu niliwahi kumsikia akinyamazisha shule nzima kwa kukohoa. "Kama iko dume, nitamurudisha. Na mimi sitaki kumurudisha. Furaha anaenda na bwana yake, nyumba inabakia kimya. Huyu ananiamshaka saa kumi na moja. Ananilia, ninaamuka."

Nilimwonea huruma mpaka ikaniuma, na bado nilikataa. Akasimama, akaniaga kwa heshima, akaondoka na kuku wake. Nilibaki nimekasirika mchana wote, na niliyemkasirikia nilikuwa mimi. Papa Bisimwa alinifundisha kulinda neno lisiumize mtu. Hakunifundisha la kufanya neno likiwa sahihi kabisa, limepita sokoni, limetosha kwenye kidirisha, na linaumiza.

Furaha naye alikuja, jioni hiyo hiyo. Hakuniomba kitu. Aliketi nami tukapukuchua maharage, machozi yanamtoka na mikono inaendelea. "Neno iko sawa, Maman," akasema. "Kosa ni yangu, sikuchora kitu chini." Nilimwambia aache ujinga, nikalia na mimi.

Alhamisi saa nne tulikuwa wote ndani. Sikubadilisha neno. Kwenye simu ya Tonton, chini ya Kitumbo mkubwa mwenye pembe tatu, paliandikwa "Dume", kwa herufi nilizozichagua mwenyewe. Upande wa Amani waliinamisha vichwa. Koko aliketi mbele na fimbo yake.

"Soma," akamwambia Tonton.

Tonton Ntwali akavaa miwani. Akaishika simu mbali, kama mtu anayesoma orodha ya waliofaulu.

"Jike," akasoma.

Watu wasiopungua kumi mle ndani walijua kusoma, na wote wakaanza kuangalia dari. Koko akanigeukia.

"Weye njo uliandika. Anasoma muzuri?"

Nilisikia ulimi wangu ukisimama wenyewe, kama unavyosimama kanisani kwenye somo la pili. Nikaushika.

"Anasoma vizuri sana, Koko."

Simu ikalia kama bata, na Tonton akaibana kifuani. Koko hakuiangalia. Alikuwa anaangalia kitenge cha Furaha, polepole, kuanzia fundo hadi pindo, kama mtu anayekagua mnyama aliyeletwa uwanjani kwake.

"Basi mufanye mbio," akasema. "Kwaresima haingojake mutu."